Jaribu halitafutwi: mwongozo kamili wa kukua katika imani wakati wa mapito

Kusi likishaanza kuvuma, kuanzia Aprili hivi, Malindi hubadilika. Bahari huchafuka, vyombo vidogo hupandishwa ufuoni, kitoweo hupanda bei, na baadhi ya hoteli za ufuoni hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa mpaka watalii warudi. Juu ya hayo, masika. Ndiyo miezi ambayo wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa hupigiwa hodi sana: baba kasimamishwa kazi, kodi ya chumba Maweni au Muyeye haijalipwa, mtoto karudishwa nyumbani kwa karo, mama ana sukari na dawa zimekwisha. Wapo pia ambao jaribu lao halina msimu: kijana aliyeingia kwenye unga, yaani dawa za kulevya, ndoa iliyovunjika, msiba.

Mwongozo huu ni wa Mkristo aliye ndani ya hali kama hiyo sasa hivi. Nimeupanga kwa hatua kwa sababu mtu aliyechoka hashiki mengi kwa pamoja. Mara ya kwanza zifuate kwa mfuatano, kisha utarudia ile unayoihitaji. Jipe kama wiki sita. Na msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa: imani haikui kwa kujiongezea mateso, wala kwa kuyaficha. Inakua mtu anapobaki na Mungu, kwa ukweli, katika yale yaliyokwisha kumfika. Jaribu halitafutwi, huja lenyewe.

Hatua ya kwanza: jua umefikwa na nini

Katika makanisa yetu kila taabu huitwa jaribu, na hapo ndipo mambo huchanganyika. Yakobo mwenyewe, katika sura ya kwanza tu, anazungumza mambo mawili tofauti. Kwenye aya ya 2 hadi ya 4 anasema kujaribiwa kwa imani huleta saburi. Halafu aya ya 13 anaonya: “Mtu ajaribiwapo, asiseme, Ninajaribiwa na Mungu,” na ya 14 inamwonyesha mtu akivutwa na tamaa yake mwenyewe. La kwanza hustahimiliwa. La pili hukimbiwa. Ukistahimili kile unachopaswa kukikimbia, umeumia bure.

Chukua karatasi, uandike kwa ufupi kilichotokea, bila dua wala mistari ya Biblia. Kisha jiulize ni kipi kati ya hivi. Ni msiba au ugonjwa ambao hakuna aliyeuleta? Ni kishawishi kinachokuita? Ni matunda ya jambo ulilolifanya mwenyewe? Au ni dhuluma, yaani kuna mtu anayekuonea? Mara nyingi utakuta ni mchanganyiko wa mawili, nawe uandike yote mawili.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu dawa si moja. Aliyekopa huku na huku akacheza kamari ya simu mpaka mshahara ukaliwa hahitaji kuombewa “roho ya madeni” kabla hajaifuta hiyo programu na kumwambia mkewe ukweli. Aliyefanya kazi miezi mitatu bila kulipwa asiambiwe avumilie kama Ayubu. Aende ofisi ya kazi na vielelezo vyake, na kuomba aombe akiwa njiani. Mwenye homa isiyoshuka aende hospitali leo, wala asingoje mkesha wa Ijumaa.

Kuna swali jingine ambalo huku kwetu Pwani huja mapema kuliko yote: nani kaniroga? Litakuja hata kwa aliyeokoka miaka ishirini, likiletwa na shangazi au na jirani kwa sauti ya chini. Usiliruhusu likae. Kaunti hii ya Kilifi imezika wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine wakishukiwa na jamaa zao wa damu, na mvi zikageuzwa ushahidi. Mkristo anayekubali kumtafuta mchawi wake ameanza kumchukia mtu asiye na hatia, na chuki hiyo itamla kuliko jaribu lenyewe. Ukiambiwa jina la mtu, jibu lako liwe fupi: “Sitaki kulisikia, shangazi. Kama unanipenda, niombee.”

Hatua ya pili: mwambie Mungu ukweli

Watu wengi hapa wamefundishwa kwamba kulalamika ni kukosa imani. Ukiulizwa habari, ujibu “tunamshukuru Mungu” hata kama hujala tangu jana. Sasa fungua Zaburi ya 13: “Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?” Hiyo ni sala, imo katika Biblia, na iliimbwa hekaluni. Zaburi za maombolezo ni nyingi kuliko tunavyodhani: ya 6, ya 22 ambayo Yesu alililia maneno yake msalabani, ya 42 na 43, ya 77, ya 88.

Jifunze muundo wake, kisha utunge lako. Zaburi hizi kwa kawaida huanza kwa kumwita Mungu. Zinamwambia kilichotokea na jinsi kinavyouma. Zinaomba jambo mahususi. Mwishoni mtunzi hushika neno moja la kumtegemea Mungu. Andika kwa Kiswahili chako cha kila siku, au kwa Kigiriama kama ndicho unachokiotea ndoto. Mhudumu wa vyumba aliyepunguzwa kazi angeweza kuandika hivi:

“Bwana, ni mimi tena. Leo asubuhi tumeitwa ofisini tukaambiwa wageni hakuna, turudishe sare. Nimetandika vitanda vya watu miaka yote hii, na mwezi ujao sijui wanangu watalala wapi. Wewe ulikuwepo, uliona. Mbona aliyekuja juzi kabakizwa? Nakuomba kodi ya mwezi huu. Nakuomba pia uniondolee hii hasira kabla sijamtukana mtu asiye na kosa. Sijui nimalizeje. Amina.”

Tazama kwamba hakumaliza kwa ushindi, na si lazima amalize hivyo. Zaburi ya 88 yenyewe inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa furaha mwishoni, na bado iliachwa palepale kati ya sala za watu wa Mungu. Kama neno la kumtegemea halijaja, usilitunge. Kitendo cha kumlalamikia Mungu badala ya kumwacha ni imani tosha kwa siku hiyo.

Fanya hivi kila siku kwa wiki nzima, dakika kumi tu, wakati ule ule. Alfajiri huwafaa wengi, kabla ya watoto kuamka na kabla simu haijaanza kulia. Chumba kikiwa kimoja na mko sita, nenda ufuoni au kaa barazani. Usitupe zile karatasi, zitakufaa baadaye.

Hatua ya tatu: kula, lala, utunze mwili

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo eneo letu limeumizwa.

Nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19, alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea wala hakumpa somo. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Mazungumzo kuhusu huduma yake yalingoja mpaka Horebu. Na katika Matendo 27, Paulo yumo chomboni, wote pamoja naye ni watu 276, tufani imewapiga siku 14, wamekata tamaa na hawali kitu. Kila mtu wa mwambao anaielewa sura hiyo bila kamusi: wanapima maji kwa bildi, wanaogopa miamba, wanashusha nanga nne za tezi na kungoja kuche. Mtume anafanya nini? Anawasihi wale. Anawaambia chakula ni kwa ajili ya kuokoka kwao, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Wote wakachangamka, wakala nao. Wote wakafika nchi kavu.

Sasa weka sura hiyo kando ya Shakahola. Aprili 2023, katika msitu ulioko bara ya Malindi, polisi walianza kufukua makaburi ya watu waliofundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Miili iliyopatikana ilipita 400, watoto wakiwemo, na mochari ya hospitali ya Malindi ikajaa. Mhubiri na wenzake wakafikishwa mahakamani. Wengi wa waliokufa hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwa watu waliofikwa, wakatafuta Mungu, wakapewa mateso zaidi wakiambiwa hiyo ndiyo imani. Kwa hiyo yeyote anayefundisha kuhusu majaribu katika eneo hili, na hapo nahesabu mapadre, maaskofu, wachungaji wa makanisa makubwa na ya mabati, ana wajibu wa kulisema hili waziwazi, na kulirudia.

Kufunga ni desturi njema ya Kikristo. Ila iwekewe mipaka:

Usifunge kama una mimba, unanyonyesha, una sukari, una vidonda vya tumbo, au unatumia dawa za kila siku, mpaka umeongea na daktari. Mtoto hafungishwi. Maji unakunywa. Kama hujawahi kufunga, anza kwa kuruka mlo mmoja, na chakula ulichokiacha umpe mwenye njaa, kama Isaya 58 inavyotaka. Awepo mtu mmoja asiye wa kanisa lako anayejua unafunga na utafungulia lini. Na mfungo usiwe bei ya kumlipa Mungu ili akujibu. Ukijisikia kwamba usipofunga siku moja zaidi Mungu atakasirika, fungulia siku hiyohiyo.

Ibilisi naye alinukuu Maandiko. Mathayo 4 inasema alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamsomea Zaburi, akamtaka ajitupe chini ili aonyeshe imani yake. Yesu akakataa: “Usimjaribu Bwana Mungu wako.” Basi mhubiri akikuambia uache dawa, uwatoe watoto shuleni, uuze shamba uhamie anakokaa yeye, uchome kitambulisho, usiongee na jamaa zako, au kwamba mwisho wa dunia ameujua tarehe, hapo hakuna cha kuombea ili upate mwongozo. Ondoka. Kama ni ndugu yako aliyeingia huko, msimtenge kwa hasira, maana kutengwa ndiko anakotakiwa kufika. Endelea kumpigia, nenda ukamwone, na ukihofia uhai wake mwambie chifu na polisi mapema. Aliyekaa na njaa siku nyingi usimshindilie chakula kingi kwa mkupuo, anaweza kufa kwa hicho. Apelekwe hospitali arudishiwe chakula taratibu.

Jambo moja zaidi kuhusu mwili. Eliya aliomba kufa, na alikuwa nabii. Kama mawazo ya kujiua yanakujia, usiyafiche kwa kuogopa kuonekana huna imani. Mwambie mtu leo, lala nyumba yenye watu, na uende hospitali uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili.

Hatua ya nne: Neno kidogo, kila siku, kwa sauti

Mtu aliye katika dhiki hana nguvu ya kusoma sura kumi. Asome aya nane, kumi, polepole na kwa sauti, na akae na fungu moja siku mbili au tatu. Biblia ya Union ina lugha inayokaa kichwani, nzuri kwa kukariri. Habari Njema ni nyepesi kueleweka. Ukiwa nazo zote, soma hii kisha ile. Macho yakikataa, sikiliza Biblia ya sauti kwenye simu. Ipakue ukiwa na bando ili ikusaidie bando likiisha.

Mpango wa wiki sita ninaoupendekeza ni huu. Wiki ya kwanza ni zile zaburi za maombolezo. Ya pili, Yusufu, Mwanzo 37 hadi 50, na uangalie ni miaka mingapi inapita kati ya ndoto na utimizo wake. Ya tatu, Ayubu sura ya 1 hadi ya 3, kisha ya 38 hadi ya 42. Hotuba ndefu za katikati uziache kwanza. Ya nne, Marko 14 hadi 16. Ya tano, Waraka wa kwanza wa Petro, sura tano tu, ulioandikiwa watu walioteseka kwa jina la Kristo wakiwa wachache kati ya majirani wa imani nyingine. Wakristo wa Lamu na Mkunumbi wataujua vizuri kuliko mimi. Ya sita, Habakuki, anayeanza kwa kumgombeza Mungu na kumaliza akimfurahia ilhali zizi ni tupu na shamba halijatoa kitu.

Aya utakayoikariri kwanza naomba iwe 1 Wakorintho 10:13, kwa sababu ya maneno yake ya mwisho: Mungu “pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea, ili mweze kustahimili.” Watu huisoma kama ahadi kwamba mzigo utakuwa mwepesi. Isome tena. Ina mlango ndani yake, na mlango mara nyingi ni mtu, ofisi, zahanati, au ujasiri wa kusema hapana.

Mtindo wa kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole ili upate “neno lako la leo”, tafadhali uache. Katika hofu, kidole huangukia hofu.

Hatua ya tano: chagua watu wawili

Si kumi, na si kikundi kizima cha WhatsApp. Ombi la maombi likiingia huko asubuhi, jioni limekwisha kuwa habari ya mtaa, na dada aliyeomba aombewe ndoa anaulizwa sokoni kama ni kweli mumewe kahama. Chagua wawili: mmoja aliyekuzidi umri na imani, mmoja wa rika lako. Wapime kwa swali moja tu: je, nimewahi kusikia siri ya mtu mwingine kutoka kinywani mwake? Kama ndiyo, huyo si wako.

Halafu uende. Hili huwashinda wengi kwa aibu, basi nitakupa maneno. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu, karibu.” “Nina jambo limenizidi. Sijaja kuomba pesa, na naomba libaki hapa. Nataka unisikilize, kisha uniombee, kisha nije tena Jumapili baada ya ibada.” Kama unahitaji pesa, sema unahitaji pesa, kiasi gani, na utarudisha lini au hutaweza kurudisha. Ombi la wazi ni heshima kwa anayeombwa.

Kwa anayemtembelea aliyefikwa: marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba. Walikaa naye chini, hakuna aliyesema neno. Waliharibu walipoanza kueleza sababu, na mwishoni Mungu akawaambia hawakunena yaliyo sawa. Namkumbuka mama mmoja wa makamo huku mtaani jinsi alivyoingia kwa jirani aliyefiwa na mume.

“Hodi.”

“Karibu, mama. Pita.”

“Mwanangu, sikuja kuhubiri. Nimeleta uji huu, na hizo nguo za watoto nipe nikazifue.”

Akachukua beseni akaondoka. Sala ilifanywa siku ya tatu, tena fupi. Ukijiuliza utasema nini kwa aliyefikwa, jiulize kwanza utabeba nini.

Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki zina faida kubwa hapa, kwa sababu zinakutana nyumbani kwa watu na mnaijua hali ya jikoni ya kila mmoja. Makanisa yenye ushirika wa nyumba kwa nyumba vilevile. Kama kanisa lako ni la viti mia tano na hakuna anayejua jina lako, tafuta kikundi ndani yake mwezi huu.

Na majirani Waislamu, ambao hapa mjini ni wengi, usiwaweke nje ya hesabu. Watakuja matangani na sinia la wali, watakaa mkekani, watakuombea kwa namna yao. Pokea. Nawe Ramadhani na Iddi ujue la kufanya.

Hatua ya sita: pesa na sadaka

Nitakuwa mfupi. Anayekuambia “panda mbegu” ya elfu tano ili Mungu afungue mlango wa kazi, huku akijua huna kazi, anakuibia. Paulo aliandika kuhusu sadaka, 2 Wakorintho 8:12, kwamba nia ikiwepo hukubaliwa “kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.” Usikope ili utoe. Usichukue fedha ya dawa. Mwezi ambao huna kitu, toa saa moja ya kufagia kanisa, au usitoe kitu, na ukae kwenye kiti chako bila aibu. Kisha keti na mwenzi wako muandike madeni yote, kila moja na mwenyewe, hata lile la duka la mangi. Mkiyaona pamoja, mna jambo la kuombea lenye jina na kiasi.

Hatua ya saba: fanya kazi moja isiyo ya jaribu lako

Wavuvi wetu kusi likiwafungia hawakai kulitazama; hushona nyavu na kukalafati vyombo. Tafuta kazi ya namna hiyo. Mpelekee maji mzee asiye na mtu, mfundishe mtoto wa jirani kusoma, imba kwaya hata kama sauti haitoki vizuri. Mara moja kwa wiki inatosha. Dhiki humfanya mtu ajione yeye tu, na huduma ndogo humtoa humo kwa saa chache.

Hatua ya nane: Mungu akinyamaza

Unaweza kufanya yote hayo na usisikie kitu. Sala inakuwa maneno matupu, ibada inachosha. Hali hii si ngeni hapa. Mwaka 1542 Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi akielekea Goa, India, na katika barua yake alieleza kwamba mzee mmoja Mwislamu wa mji huu alimjia kumuuliza kama Wakristo wa kwao bado huenda kanisani kwa bidii, kwa kuwa mjini hapa, kati ya misikiti 17, ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa. Mzee alihuzunika imani ilivyopoa. Kanisa dogo la Wareno lililoko upande wa nguzo ya Vasco da Gama bado lipo, pamoja na makaburi yake. Kama huna pa kukaa kimya, nenda pale jioni.

Wamisionari wa mwanzo wa pwani hii wanaweza kukutuliza kuliko mahubiri mengi ya siku hizi. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujafika mwisho alikuwa amemzika mkewe Rosine na binti yao mchanga, homa ikiwa imemlaza hata yeye. Mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwenzake Johannes Rebmann aliingia Rabai 1846, akaondoka 1875 akiwa kipofu, na waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Kwa hesabu ya mikutano yetu ya injili, huyo alishindwa. Siwatolei kama vipimo, maana si kila aliyefiwa anaweza kushika kalamu wiki ile. Nawataja ili usidhani ukimya ni adhabu.

Wakati huo punguza, usiache. Baba Yetu mara moja asubuhi na mara moja usiku, na ibada ya Jumapili hata ukikaa kiti cha nyuma. Wakatoliki watashika rozari, na wengine watashika wimbo mmoja wa Nyimbo za Wokovu au Tenzi. Maneno ya wengine hukubeba pale ya kwako yanapokwisha.

Utajuaje kwamba unakua?

Usipime kwa machozi, wala kwa kunena kwa lugha, wala kwa jaribu kuondoka. Paulo katika Warumi 5 anataja dhiki, kisha saburi, kisha uthabiti wa moyo, kisha tumaini, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana siku moja. Zitoe zile karatasi za wiki ya kwanza uzisome. Je, siku hizi unasema ukweli mapema zaidi, kwa Mungu na kwa mkeo? Umepunguza kumtafuta wa kumlaumu? Unaona dhiki ya mwenzako kabla hajaisema? Jina la yule aliyekudhulumu unaweza kulitaja katika sala bila kuuma meno, hata kama kesi yake bado unaifuata? Moja likiwa limesogea, hata kidogo, kuna kilichokua. Waulize na wale watu wako wawili. Wao huona mapema kuliko wewe.

Baada ya jaribu

Mengine hupita. Kazi hurudi Julai au Agosti hoteli zinapofungua, mtoto hupona, deni huisha. Mengine hayapiti, na Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe akajibiwa “Neema yangu yakutosha.” Kwa vyovyote vile, kaa ukaandike lililotokea lilivyotokea.

Ukiitwa mbele kutoa ushuhuda, usilipambe. Usiseme ulikuwa huna hata shilingi kama shemeji yako alikuwa akikutumia pesa kila Ijumaa, mtaje shemeji. Usiseme ulipona kwa maombi peke yake kama ulimeza dawa miezi sita. Itaje na zahanati. Kumbuka kwenye viti vile yupo mtu aliyeomba kama wewe na mtoto wake akafa, basi yale maneno ya “Mungu hawezi kuwaacha walio wake” uyaseme huku ukimwangalia huyo. Na kabla hujashika maikrofoni, mrudishie jirani pesa yake, beseni lake na sufuria yake.